Tukimtaja Henry, Tumtaje na Gilberto

Mashabiki wa Arsenal, klabu ya soka ya London, wakianza kuzungumzia wachezaji wao wa zamani, jina la kwanza kutajwa ni la Thierry Henry, na hakuna anayeuliza kwa nini. Alisajiliwa kutoka Juventus mwaka 1999, akacheza mechi kadhaa za mwanzo bila kufunga hata watu wakaanza kunong'ona kwamba kocha Arsène Wenger amebeba mzigo usiofaa, kisha akaingia akitokea benchi dhidi ya Southampton, akafunga, na tangu siku hiyo hakushikika tena. Kwa jumla aliifungia klabu hiyo mabao 228, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa Arsenal aliyeifikia, na sanamu yake imesimama nje ya uwanja tangu mwaka 2011. Sifa zake hazina mpinzani. Kwa sababu hiyo hiyo mazungumzo juu yake huisha mapema: kila mmoja hutaja bao lake analolipenda, wengine hukubali, na baada ya muda mfupi watu huanza kuwatafuta wachezaji ambao bado wana kesi ya kutetewa.

Hapo ndipo ninapopenda kusikiliza kwa makini, kwa kuwa mashabiki wanaokumbuka wachezaji wa zamani hawafuati takwimu hata kidogo. Mtu aliyefunga mabao machache kwa miaka mingi anaweza kuzungumziwa kwa saa nzima, na mwingine aliyecheza vizuri kila wiki akapita kwa neno moja la heshima. Nimefikia kuamini kwamba kumbukumbu yetu ina mwelekeo ulio wazi: inampenda mchezaji aliyetuokoa baada ya mambo kuharibika, na inamsahau upesi yule aliyefanya mambo yasiharibike. Nawapenda waokoaji kama anavyowapenda shabiki yeyote, lakini naona kuna deni ambalo hatujalilipa upande wa pili, na deni kubwa kuliko yote ni la kiungo Mbrazili, Gilberto Silva.

Kwa habari ya uokozi, hakuna mfano unaonigusa kuliko mshambuliaji wa Nigeria, Nwankwo Kanu. Tarehe 23 Oktoba 1999 Arsenal walikuwa Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, mvua ikinyesha, nyuma kwa mabao mawili ya Tore André Flo na Dan Petrescu, huku zikibaki dakika 15 hivi mchezo kumalizika. Kanu akafunga la kwanza, akafunga la pili, na mchezo ulikuwa ukielekea sare ambayo kila shabiki wa Arsenal angeipokea kwa mikono miwili. Kisha, katika dakika za nyongeza, beki Albert Ferrer alijaribu kuondosha mpira upande wa kushoto wa mashambulizi ya Arsenal, nao ukagonga mguu wa Kanu na kubaki kwake karibu kabisa na mstari wa pembeni.

Bao lililofuata linastahili kutazamwa polepole. Kipa wa Chelsea, Ed de Goey, alitoka golini mbio hadi pembeni, jambo ambalo kipa hulifanya akiwa na hakika ya kuuwahi mpira. Kanu alijifanya anataka kukata kuingia ndani, kipa akainama upande huo, na Kanu akampita kwa nje, kuelekea mstari wa goli, yaani mahali ambapo mshambuliaji huishiwa na nafasi. Sasa goli lilikuwa halina kipa, lakini mabeki Marcel Desailly na Frank Leboeuf, wote wawili mabingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, walikuwa wamekimbilia ndani kulilinda, na kutoka pale alipokuwa Kanu goli lilionekana kama ufa tu. Mchezaji mwingine yeyote angepiga krosi. Kanu aliupinda mpira kwa mguu wa kulia, ukapanda juu ya vichwa vya mabeki hao na kuingia nyavuni chini kidogo ya mtambaa wa panya. Chelsea 2, Arsenal 3.

Wanaosimulia bao hilo husahau mara nyingi jambo lililolitangulia, nami siwezi kulitaja bila ya hilo. Kanu alikuwa nahodha wa Nigeria iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996 kwa kuifunga Brazil katika nusu fainali na Argentina katika fainali, na muda mfupi baadaye, alipojiunga na Inter Milan, madaktari wakagundua kwamba moyo wake una valvu yenye kasoro. Alifanyiwa upasuaji akiwa bado kijana mdogo, na wengi waliamini kwamba soka yake imeishia hapo. Arsenal walimchukua mapema mwaka 1999. Mwaka 2000 alianzisha taasisi ya kuwasaidia watoto wa Afrika wenye maradhi ya moyo kupata upasuaji. Kwa hiyo, shabiki anapomkumbuka Kanu akiteleza na mpira kwenye majimaji ya Stamford Bridge, anamkumbuka mtu ambaye kwa hesabu za kitabibu hakutarajiwa kuwa uwanjani kabisa, na sioni ajabu kwamba mabao yake 44 kwa Arsenal yana uzito mkubwa kuliko mabao mengi zaidi ya wengine.

Hata mwanzo wake una hadithi. Katika mechi yake ya kwanza, ya Kombe la FA dhidi ya Sheffield United mwezi Februari 1999, mchezaji wa wapinzani aliumia, mpira ukatolewa nje ili atibiwe, na Ray Parlour akaurusha ili kuwarudishia wenyewe kama ilivyo ada ya mchezo. Kanu, ambaye alikuwa mgeni wa dakika chache na pengine hakuelewa kilichokuwa kikiendelea, aliukimbilia mpira ule na kumpasia Marc Overmars, ambaye alifunga. Bao lilikuwa halali kwa sheria, lakini wachezaji na kocha wa Sheffield United waliwaka kwa hasira. Wenger akajitolea mechi irudiwe, ikarudiwa siku kumi baadaye, na Arsenal wakashinda tena kwa matokeo yale yale ya 2–1. Mashabiki wa Arsenal hulisimulia tukio hili kwa fahari kuliko ushindi mwingi wa kawaida, na nadhani wana haki.

Mshambuliaji Dennis Bergkamp hahitaji mtetezi, ingawa bado hakuna kikao cha mashabiki kinachompita bila kulitaja bao lake dhidi ya Newcastle la Machi 2002, alipoupokea mpira wa Robert Pirès kwa kuugusa mara moja, ukapita upande mmoja wa beki Nikos Dabizas huku yeye mwenyewe akizungukia upande wa pili, kisha akamweka beki nyuma kwa mwili na kufunga kwa utulivu. Mashabiki wa timu nyingine hupenda kudai kwamba ilikuwa bahati. Bergkamp ameeleza kwamba alikusudia kuzunguka, na mtu aliyemtazama kwa muda mrefu akitumia mguso wa kwanza kama silaha hana sababu ya kutomwamini. Kitu kinachonivutia zaidi kwake ni kwamba hakupanda ndege, hivyo timu ilimkosa katika safari nyingi za Ulaya, na mashabiki waliozoea kudai kila kitu kutoka kwa wachezaji wao walilikubali hilo bila kinyongo.

Wapo pia mabeki. Tony Adams alipopokea pasi ya juu kutoka kwa Steve Bould, beki mwenzake, na kuipiga kwa mguu wa kushoto dhidi ya Everton tarehe 3 Mei 1998, siku ambayo ubingwa ulithibitishwa kwa ushindi wa 4–0, mashabiki waliona timu nzima ikibadilika mbele ya macho yao, kwa sababu mabeki wale wawili walikuwa wamejulikana kwa miaka mingi kwa kazi ya kuzuia tu. Lauren wa Cameroon anakumbukwa kwa penalti ya Aprili 2002 dhidi ya Tottenham, matokeo yakiwa 1–1 na ubingwa ukiwa hatarini, alipoutembeza mpira polepole katikati ya goli wakati kipa akiwa ameshajitupa pembeni. Kolo Touré, aliyetoka ASEC Mimosas ya Abidjan na kugeuzwa kuwa beki wa kati, ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Villarreal katika usiku wa mwisho wa mechi za Ulaya kwenye uwanja wa zamani wa Arsenal, Highbury, Aprili 2006. Wiki iliyofuata kipa Jens Lehmann alidaka penalti ya Juan Román Riquelme katika dakika za mwisho, na Arsenal wakaingia fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza.

Fainali yenyewe, iliyochezwa karibu na Paris tarehe 17 Mei 2006, bado inauma. Lehmann alipewa kadi nyekundu dakika ya 18, ikabidi mchezaji mmoja wa ndani atolewe ili kipa wa akiba, Manuel Almunia, aingie, na aliyetolewa ni Pirès. Sol Campbell alifunga kwa kichwa, Arsenal wakashikilia wakiwa kumi hadi zilipobaki dakika 14, kisha Samuel Eto'o na Juliano Belletti wa Barcelona wakaigeuza mechi. Pirès hakuivaa tena jezi ile katika mashindano. Mchezaji aliyekuwa akiingia kutoka kushoto kwa mwendo wa kuteleza, aliyefunga dhidi ya Tottenham mara nyingi kiasi kwamba mashabiki walimtegemea katika mechi hizo kuliko mtu mwingine yeyote, aliondoka kwa namba yake kuoneshwa kwenye ubao katika fainali yake kubwa kuliko zote. Nakubali kwamba kocha hakuwa na chaguo zuri. Bado nasema Pirès alistahili kuagwa vizuri zaidi ya vile.

Mazungumzo huwa makali yanapofika kwa walioondoka vibaya. Ashley Cole alikulia katika akademi ya klabu, alikuwa beki wa kushoto wa kikosi kilichomaliza ligi bila kufungwa, na kwa maoni yangu hakuna beki wa kushoto aliyewahi kuivalia Arsenal akamzidi; lakini alihamia Chelsea mwaka 2006, na hadi leo wapo mashabiki wanaopanga kikosi chao cha wakati wote wakaiacha nafasi hiyo kwa mtu mwingine kwa makusudi. Robin van Persie alifunga mabao 30 ya ligi katika msimu wa 2011/12, akahamia Manchester United kiangazi hicho, na akatwaa ubingwa huko kwa mabao 26. Emmanuel Adebayor alifunga dhidi ya Arsenal akiwa na Manchester City mwezi Septemba 2009, akakimbia urefu wa uwanja mzima kwenda kushangilia mbele ya mashabiki waliokuwa wakimwimba zamani. Naelewa hasira hizo, hasa za Adebayor, lakini siwezi kukubali kwamba kuondoka kwa mtu kunafuta alichokifanya kabla. Mabao yale ya van Persie ndiyo yaliyoifikisha Arsenal nafasi ya tatu katika msimu ambao ungeweza kuwa wa aibu. Cole alikimbia upande wake wa kushoto katika mechi zile zote tunazojivunia, na shabiki anayezitaja mechi hizo kwa fahari amtaje na Cole.

Na wapo waliofariki. David Rocastle, winga aliyeng'ara katika ubingwa wa 1989 na kuwa sehemu ya kikosi cha ubingwa wa 1991, aliuzwa Leeds mwaka 1992 na akafariki kwa saratani tarehe 31 Machi 2001 akiwa na miaka 33. Siku hiyo hiyo Arsenal walicheza dhidi ya Tottenham na kushinda 2–0. Mashabiki ambao hawakumwona akicheza hata mara moja wanamjua kwa jina la utani la Rocky, kwa kuwa waliomwona hawakuacha kusimulia. José Antonio Reyes alifariki katika ajali ya gari tarehe 1 Juni 2019 akiwa na miaka 35. Mimi humkumbuka kwa mechi ya Kombe la FA dhidi ya Chelsea, Februari 2004, alipofunga mabao mawili ya kuigeuza mechi, la kwanza likiwa shuti la mbali la mguu wa kushoto ambalo kipa hakuwa na la kufanya. Alikuwa na miaka 20 tu.

Kizazi kilichoanza kushabikia baada ya klabu kuhamia uwanja mpya kina mkongwe wake, naye ni Santi Cazorla. Katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 2014, Hull City walikuwa mbele 2–0 ndani ya dakika nane, na klabu ilikuwa haijapata kombe lolote kwa miaka tisa. Cazorla ndiye aliyepiga mpira wa adhabu ulioingia moja kwa moja na kuifanya 2–1. Laurent Koscielny akasawazisha, na Aaron Ramsey akamaliza kazi katika muda wa ziada. Mwaka 2016 Cazorla aliumia kifundo cha mguu, jeraha likaingia vijidudu, akapoteza sentimita kadhaa za mshipa wa kisigino, na madaktari wakachukua ngozi ya mkono wake, yenye mchoro wa jina la binti yake, wakaishona mguuni. Hakuichezea tena Arsenal. Alirudi uwanjani mwaka 2018 akiwa na Villarreal, baadaye akaenda Real Oviedo, timu ya mkoa alikozaliwa, akaisaidia kupanda hadi ligi kuu ya Hispania mwaka 2025 akiwa amevuka miaka 40. Mashabiki wa Arsenal waliishangilia timu hiyo kana kwamba ni yao.

Sasa nirudi kwenye deni. Msimu wa 2003/04 Arsenal walicheza mechi 38 za ligi, wakashinda 26, wakatoka sare 12 na hawakupoteza hata moja, wakifunga mabao 73 na kuruhusu 26. Mashabiki wanapoueleza msimu huo, hueleza mabao 73. Ni kawaida kusikia habari ya Henry, Pirès, Bergkamp, Freddie Ljungberg, na ya Patrick Vieira akipanda na mpira kutoka katikati. Lakini tazama umbo la timu ile ikishambulia: Cole amepanda hadi karibu na mstari wa goli la wapinzani, Pirès ameingia ndani, Lauren amesogea kulia, Vieira yuko mbele ya mpira. Nyuma wamebaki mabeki wawili wa kati, na mbele yao mtu mmoja, Gilberto, anayetembea hatua tatu kushoto, hatua mbili kulia, bila kukimbia wala kuteleza chini, akiziba njia ambayo wapinzani wangeitumia kama mpira ungepotea. Pasi inayomkusudia mshambuliaji wa wapinzani inamkuta yeye. Anampa Vieira au Pirès, na shambulizi linaanza upya. Mtazamaji wa televisheni humwona kwa sekunde moja tu, kwa kuwa kamera hufuata mpira, na kazi yake kubwa ilifanyika kabla mpira haujafika. Nchini kwao Brazil, ambako alitwaa Kombe la Dunia mwaka 2002, walimwita ukuta usioonekana.

Asiyeamini uzito wake aangalie vuli ya mwaka 2004. Gilberto aliumia mgongo mwanzoni mwa msimu na kukaa nje kwa miezi mingi. Tarehe 24 Oktoba timu ilipoteza Old Trafford, uwanja wa Manchester United, kwa mabao 2–0 na mwendo wa mechi 49 bila kufungwa ukakatika. Sidai kwamba yeye peke yake angekizuia kipigo kile, kwa maana penalti iliyofungua mechi ilitokana na uamuzi ambao mashabiki wa Arsenal hawajaukubali mpaka kesho. Ninachokiona ni kwamba katika wiki zilizofuata timu ile ile, ikiwa na Henry, Vieira, Bergkamp na Pirès wote, ilianza kuruhusu mabao ya hovyo ambayo msimu uliopita haikuyaruhusu, na pengo lililokuwa halijazibwa lilikuwa moja.

Wala hakuwa mtu wa kuzuia pekee. Bao lake dhidi ya Liverpool liliipa klabu Ngao ya Jamii katika mechi yake ya kwanza, Agosti 2002. Mwezi uliofuata alifunga dhidi ya PSV Eindhoven baada ya sekunde 20, bao la haraka kuliko yote katika Ligi ya Mabingwa wakati huo. Katika msimu wa 2006/07, Henry alipokuwa akiandamwa na majeraha, Gilberto alivaa kitambaa cha unahodha, akapiga penalti na kufunga mabao kumi ya ligi, huku akiendelea na kazi yake ya kawaida. Kiangazi kilichofuata unahodha alipewa William Gallas, Mathieu Flamini akashika nafasi yake uwanjani, na mwaka 2008 Gilberto akaenda Panathinaikos ya Ugiriki bila kelele. Hakulalamika hadharani kwa namna ya kuiumiza timu. Nadhani upole huo nao umechangia kusahauliwa kwake, kwa sababu mashabiki huwakumbuka vizuri hata waliotuudhi, lakini mtu asiyeudhi wala kujitangaza huhitaji wengine wamtangaze.

Basi tunapopanga kikosi cha wakati wote, kama tunavyofanya kila mara mazungumzo haya yanapofika mbali, mimi huanza na kiungo wa chini. Namwandika Gilberto, kisha namweka Vieira pembeni yake, Pirès kushoto, na kulia nakubali kubishana kuhusu Ljungberg na Parlour hadi usiku, kwa kuwa wote wawili walifunga katika fainali ya Kombe la FA ya 2002 dhidi ya Chelsea na wote wawili wana haki. Mara nyingi mtu hunitaka nimtoe Gilberto ili Cesc Fàbregas apate nafasi, akitaja pasi za Fàbregas, nami nazijua na nazipenda. Lakini huyo anayemtoa Gilberto anijibu kwanza: Cole akishapanda, na Vieira akishapanda, nani atakayebaki?